Mbwa Aliyewarudisha Mbuzi wa Ntheo

Kwa Shemeji Mbuvi,
Salama.

Shemeji mpendwa,

KUH: ADABU ILIYOZIDI YA MBWA ULIYENIFUNZIA

Natumaini u mzima, wewe na kazi yako ya kufunza mbwa. Sisi huku Mbooni tu wazima, isipokuwa heshima yetu, ambayo iliteremka mlima mbio ikifuatwa na mbwa.

Ulimchukua Bosco akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Ulisema mbwa hukanywa angali mdogo, ukingoja akue atakuaibisha. Dada yako Kalunde akakusifu mbele ya kanisa zima. Sasa amekua, na ameniaibisha. Soma haya ukiwa umeketi.

1. Hatafuni viatu. Nilifurahi, hadi nilipoona kwamba hata panya wanaovitafuna hawagusi, maana somo la panya hukumpa. Mbwa wa majirani, ambao hawajasoma popote, wanashika panya.

2. Hali mpaka aambiwe "kula". Juzi alilia mbele ya sahani yake tukiwa kwenye maombi hapa nyumbani. Mimi, mzee wa kanisa, nikakatiza maombi nikamwambia "kula". Wageni wakadhani nawaambia wao, wakamaliza mandazi kabla ya amina.

3. Jumamosi iliyopita wazee wa kina Munyao, anayemposa binti yangu, walipanda kutoka Kalamba na mbuzi watatu wa ntheo. Wewe ni Mkamba, unajua: mbuzi hao wasipopokelewa, Muthoki binti yangu si mke wa mtu, hata akikaa kwa kina Munyao miaka ishirini. Nilikuwa nimevaa tai, shemeji. Mbuzi wakaingia langoni. Kumbe huyu msomi wako ulimfunza kufukuza mbuzi wa nje, eti alinde miche yangu ya machungwa! Akawatoa wote kwa utaratibu, bila kuuma hata mmoja, akawafikisha barabarani, kisha akarudi akakaa akingoja kusifiwa. Wazee wakasema hawajawahi kukataliwa kwa nidhamu namna hiyo, wakafuata mbuzi wao. Chapati za dada yako zililiwa na kwaya.

4. Sasa majirani wanataka uwafunzie mbwa wao. Mmoja ameuliza kama unapokea pia wakwe.

Kwa hivyo naomba uje upesi umfunze Bosco utovu wa adabu. Ajue kurukia wageni, kuiba nyama na kulala mchana kutwa kama mbwa wengine wenye akili. Ukimaliza, uende Kalamba ukawaeleze wale wazee kwamba mbwa si msemaji wa familia yangu.

Wasalimie Katunge na watoto, pamoja na wanafunzi wako wote wenye mikia. Dada yako anakusalimu, lakini si sana.

Ni mimi shemeji yako, mwenye tai na bila mkwe,
Nzomo

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Muthoki aliponijia. Kumbe Bosco hafukuzi mbuzi asipoagizwa, na aliyemwagiza ni yeye, akiwa amesimama nyuma ya tangi la maji. Muthoki hamtaki Munyao. Anasema alishaniambia, nikamjibu kwamba unga wa chapati umeshanunuliwa. Amelia sana, na mimi nimeumia kuliko Jumamosi. Mbwa usimguse. Wewe njoo tu unisindikize Kalamba, nikawaambie wazee kwamba binti yangu amekataa, na mimi babake niko upande wake.