Nilivyoegesha Juu ya Kaburi la Mama Elisara

Jumatatu, 3 Agosti

Naendesha gari tangu ujanani na sijawahi kugonga kitu. Hata kuku!

Haya, kuku nimegonga. Na nguruwe wa mchungaji, ingawa yule alikuwa anatafuta kufa. Na juzi Jumamosi, nikitoka harusini, nimegonga kaburi.

La mama yake Elisara. Liko mbele ya nyumba yake, kama makaburi yote ya kijiji chetu: vigae vyeupe, paa la bati, maua ya plastiki. Pikapu ilipanda juu ikatulia hapohapo, taa zinawaka, kama gari la maonyesho. Elisara alitoka na taulo kiunoni. Nikamwamkia. Akarudi ndani kupiga simu polisi.

Akafika Sajini Fatu. Mtoto wa dada yake mke wangu Litara! Nikajua nimepona. Akanipa kile kidude cha kupuliza. Nikapuliza kijanja, kwa pua. Akaniambia, "Baba mdogo, hapa hatupulizi kwa pua." Nikapuliza kwa mdomo. Akakitazama kidude, akanitazama, akakitazama tena. Akauliza kama maharusi niliwaachia hata tone.

Nimemlisha magimbi yangu kabla hajaota meno, yule!

Kesi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Na si mara yangu ya kwanza. Litara anasema ukirudia ni jela. Alisema huku anakuna nazi, hata kichwa hakuinua.

Jumatano, 5 Agosti

Nimepata lifti kwenye lori la nazi hadi kwa wakili. Anaitwa Rosalia. Mdogo kuliko viatu vyangu. Akaniuliza kama nilikunywa. Nikamuuliza, kabla au baada?

Akaweka kalamu chini.

Nikamweleza. Niligonga nikiwa mkavu kama mchungaji. Moyo ukanienda mbio. Kumbe garini mna chupa! Nikanywa kujituliza. Basi kidude cha Fatu kilipima pombe ya baada ya ajali, na kunywa ukiwa umeegesha si kosa. Nani atabisha?

Rosalia akasema mimi ni wa tatu mwezi huu kumletea hadithi hiyo. Na hiyo chupa iko wapi? Nikasema iko palepale kaburini, kwenye majani. (Haiko. Ila inaweza kuwako.) Akanikazia macho. Mzee wangu, akasema, kumdanganya hakimu ni kosa jingine, na hilo mimi silitetei. Kiri. Kisha nenda kaombe radhi kwa desturi yetu: alfajiri, mbele ya nyumba ya Elisara, uketi chini umejifunika mkeka wa heshima mpaka mwenyewe aje akufunue. Elisara akisimama mahakamani akasema yameisha, hakimu husikiliza. Asiposimama, jela.

Mimi! Nimkalie chini Elisara! Mtu ambaye kwenye kwaya huvuta sauti ya mwisho hata wenzake wote wakishakaa!

Lakini nimeiwaza jela. Goti langu la kushoto halikunjiki. Kule hakuna Litara wa kulisugua mafuta ya nazi. Wanaoingia jela kwa umri wangu hutolewa wamelala.

Mkeka, hapana. Bora chupa.

Alhamisi, 6 Agosti

Mchana, watu wote wamejilaza. Nikaenda na chupa tupu ndani ya kikoi. Ilikuwa niidondoshe kwenye majani, nipite zangu. Kazi ya dakika.

Fetuao, mke wa Elisara, alikuwa pale kaburini anaokota vipande vya vigae. Akauliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kumwomba marehemu radhi. Heri ningesema nimekuja kuiba kuku! Alifurahi mpaka akatoa machozi. Akasema basi tupige magoti, tuimbe.

Goti! Wimbo mzima, beti zote, na ule ubeti ambao hata mchungaji huuruka. Tulipofika mwisho chupa ikateleza. Ikaviringika juu ya vigae, taratibu, nasikia kila mlio. Ikaenda kusimama mguuni pake.

Akaiokota. Akainusa. Akauliza, "Hii nayo ulimletea marehemu?"

Nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu.

Nilikimbia. Kwa goti lile, nilikimbia!

Jumapili, 9 Agosti

Kanisa zima linajua habari ya chupa. Mchungaji kahubiri ulevi wa Nuhu, macho kwangu. Elisara kavuta sauti ya mwisho mpaka watoto wakaanza kulia.

Chakula cha mchana wazee wamenifanya kitoweo. Mmoja ameuliza nitakaa mezani au nitaegesha juu yake. Mwingine ameficha bakuli la nazi, eti gari langu linapenda vitu vyeupe. Wamecheka. Na mimi nimecheka, mtu ukitaniwa ucheke.

Elisara hakucheka. Alipita nyuma yangu akainama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake alilala pale kwa amani miaka yote, mpaka mimi. "Ijumaa naja mahakamani, Peniamina. Nitasema yote. Na ya chupa nitasema."

Nyama nikaisukuma kando. Sikuimaliza. Litara aliimaliza.

Jumanne, 11 Agosti

 

Nimeenda kwa Elisara, alfajiri. Litara alikuwa jikoni anawasha moto. Nikaingiza mkono chini ya godoro, mahali mikeka ya heshima inapolazwa, nikavuta wa kwanza uliokuja. Sikumwambia. Mwanamke ukimwambia mpango, unakuwa mpango wake.

Nikaketi kwenye changarawe mbele ya nyumba ya Elisara, nikajifunika kichwa. Kimya. Jogoo. Kimya.

Zamani, wasiotaka kusamehe walitoka na panga. Kila mtu hapa anayo hadithi ya babu fulani ambaye hakuinuka tena. Na Elisara ana wana wanne, kila mmoja upana wa mlango wa kanisa.

Jua likapanda. Nikasikia mlango. Nikasikia kakao inakorogwa, chapati za maji zinachomwa. Wananywa chai! Mimi nakufa, wao wanakunywa chai! Mkojo umenibana. Huruhusiwi kujifunua. Ukijifunua mwenyewe, umejidharau na wao umewadharau.

Kisha nikasikia jiwe na chuma. Shwa. Shwa. Mtu ananoa panga.

Nikaanza sala. Nikasahau katikati. Nikaanza upya.

Miguu ikaja. Mingi. Ikasimama. Ndipo Fetuao akapiga ukelele: "Jamani, huu si ndio mkeka wangu!"

Mungu wangu! Ni ule alioleta mwenyewe kwenye msiba wa kaka yangu. Aliusuka kwa mkono wake, manyoya mekundu ya pindoni alishona yeye. Mikeka huzunguka, leo kwako kesho kwangu, lakini hakuna mtu mwenye akili anayemrudishia mtu machozi yake ya msiba kama radhi. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla ya kujua kunawa.

Kule kunoa kukakoma.

Elisara akasema, sauti imekauka: "Umempanda mama yangu na gari. Leo unanilipa kwa mkeka wa mke wangu?" Mwanawe mmoja akasema, baba, sogea kando.



Nikasikia kandambili barabarani, zinakimbia. Litara! Kaona chini ya godoro umekosekana upi, kaja na mkeka mwingine, ule mkubwa, laini kama hariri, aliouweka wa kuzikiwa yeye mwenyewe.  Akaketi kando yangu kwenye changarawe, akaufunika juu yetu sote wawili. Gizani mle akanifinya paja, kwa kucha, akazungusha.

Nililia. Kilio cha kweli, cha mtoto. Nikalia mpaka changarawe ikalowa.

Elisara akasikia. Akafikiri ni toba.  Halafu mwanga ukanijia usoni, na yeye kainama, mkeka mkononi, macho mekundu. Akasema, inuka, mzee mwenzangu, inatosha.

Lile panga lilikuwa la kufungulia madafu. Eti! Sijaliamini mpaka sasa.

Habari ya paja sikumwambia mtu.

Ijumaa, 14 Agosti

Mahakamani. Hakimu mama mmoja, miwani puani, hana haraka. Mwendesha mashtaka akasoma: kipimo, kaburi, kosa langu la zamani. Akaomba jela. Alitamka kama mtu anayeomba chumvi.

Rosalia aliniambia niseme neno moja tu, nakiri. Nikalisema. La pili lilinifika ulimini, nikaona jicho lake, nikalimeza.

Hakimu akauliza kama wenye kaburi wapo. Elisara akasimama. Akakohoa. Akanyamaza! Yule mtu hawezi kuacha kuvuta kitu.  Litara nyuma yangu alikuwa ameacha kupepea.

Kisha akasema mkeka umepokewa na nyumba yake haina kinyongo.

Kifungo cha nje. Leseni imekwenda, mwaka mzima. Faini. Na kaburi nilijenge upya kwa mikono yangu. Hakimu akavua miwani akaniambia nikikamatwa tena na pombe barabarani naingia ndani moja kwa moja, hata nyumbani nisiombe kupita kuaga.

Nikaapa mbele ya wote. Nimeacha pombe! Nimeacha kabisa!

Jumamosi, 15 Agosti

Leo tumebandika vigae, mimi na Elisara. Jua kali. Akaleta bia. Kumkatalia mtu aliyekusamehe jana ni matusi, nikanywa. Akaleta nyingine. Tukaimba. Kumbe ana sauti nzuri akiwa karibu.

Jioni goti likagoma, akaniazima farasi wake wa kubebea nazi. Mimi nilimsikiliza hakimu vizuri sana. Alisema gari. Farasi hakumtaja hata mara moja!

Nilichokuwa sijui ni kwamba Elisara alimnunua kwa Sajini Fatu, na farasi hasahau kwao. Nyumba yangu kaipita. Nikavuta kamba, nikapiga kelele, wapi! Kaniingiza mpaka uani mwa kituo cha polisi, ambako Fatu anaishi, mimi juu bado naimba, nimefika kiitikio. Fatu yuko mlangoni na kidude chake. "Baba mdogo, puliza. Kwa mdomo."

Nikamuuliza, hiki ni chombo cha moto? Injini iko wapi? Akakuna kichwa. Sasa yuko ndani anafunua kitabu cha sheria, anafuata mistari kwa kidole, anasoma kwa sauti. Amefika kwenye mifugo. Jasho linanitoka. Nimekaa ngazini, naandika haraka.

Kosa langu ni moja tu, farasi. Ningechukua mtumbwi. Baharini hakuna barabara. Mara ijayo najua.

Litara, ukurasa huu nauchana, mke wa Fatu anakuja huko kuazima chumvi, atakuletea. Unakumbuka sikukuu ya watoto, nguruwe wa wageni alipoungua kwenye mawe ya kuokea? Nani alisema ni yeye aliyezidisha moto? Mimi. Wewe ulikuwa unapiga soga uani na hadi leo sijamwambia mtu. Basi njoo umwambie Fatu farasi anaharisha na wewe ndiye uliyenituma nimlete kwa daktari. Fanya upesi, amegeuza ukurasa.