Uso wa Pir Golshan

Jumamosi, 4 Mehr

Posta itatoa stempu ya kumkumbuka Pir Golshan, mshairi wetu wa kisufi aliyezikwa hapa mjini karne nyingi zilizopita. Habari njema. Njema zaidi: hakuna aijuaye sura yake. Bi Pardis, mchoraji, ametoka Tehran kutafuta uso wa kuazima. Nimejitazama katika kila kioo cha duka langu la miwani. Pua ndefu. Macho ya huzuni. Ndevu chache, lakini zinajitahidi. Nimemwambia mke wangu, Mahlagha, kwamba uso wangu utasafiri nchi nzima. Akasema uanze kwa kusafiri hadi kwa mwoka mikate.

Jumatatu, 6 Mehr

Najinyima. Sufi hanenepi. Asubuhi chai tupu, bila hata bonge la sukari mdomoni. Adhuhuri nikaenda kwenye kaburi la Pir, nikaketi kando ya kidimbwi cha uani na kufumba macho. Bi Pardis alipokaribia nikaguna kidogo kwa mapenzi ya Mola. Akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikamjibu kwamba dunia na vyakula vyake havina maana kwangu. Wakati huohuo akapita mwuza kababu, akanipigia kelele: "Bwana Iraj, mishikaki ya jana ilikutosha, au leo nikuongezee?"

Bi Pardis akachora mistari miwili, akaenda zake.

Alhamisi, 9 Mehr

Balaa. Bi Pardis anamtazama Haji Teymur, jirani yangu, mwuza pistachio. Ni rafiki yangu tangu shule. Nilipovunjika mguu alinibeba mgongoni hadi kwa tabibu. Sawa. Lakini ana ndevu nyeupe hadi kifuani, na hakuzitolea jasho. Haki iko wapi?

Nikaenda dukani kwake. Tulipokwisha kuulizana hali za watoto, wakwe na mbuzi wa wakwe, nikamnong'oneza kwamba Bi Pardis amegundua kuwa Pir hakufuga ndevu.

"Kweli, Iraj jan?" akauliza. Tangu shule huniita jan, yaani mpendwa.

Nikaapa kwa roho ya marehemu baba. Baba yu hai, anakula vizuri, kwa hiyo kiapo hakikumdhuru mtu.

Jumamosi, 11 Mehr

Teymur amenyoa. Kidevu kama yai lililomenywa. Mkewe alimfungulia mlango, akamwambia Haji hayupo, apite kesho. Soko zima limecheka. Mimi nimecheka kwa kiasi, kisufi.

Jioni nikapita kaburini kuhakikisha nafasi yangu. Nikamkuta Teymur amejikunja pembeni akijificha watu wasimwone, kiganja kidevuni. Mbele yake Bi Pardis, anachora mbiombio. Nikamkumbusha Bi Pardis kwamba Pir alikuwa na ndevu, kila mtu anajua.

"Ndevu nitazichora mwenyewe," akasema bila kugeuka. "Lakini haya ya uso kama hii siwezi kuitunga."

Teymur akanitazama. Amekwisha kuelewa. Alisogea tu, nipate pa kukaa. Afadhali angenitukana. Nikakaa, upande wenye mwanga.

Jumatatu, 13 Mehr

Ushindi! Bi Pardis ameniomba nichorwe. Anasema kuna mahali ambapo hapafai uso mwingine mji mzima ila wangu. Akaniambia ninyanyue kidevu. Zaidi. Nitazame watu kana kwamba wamenikanyagia zulia kwa viatu. Haikunipa shida. Mahlagha alimuuliza nachorwa kuwa nani hasa. Wakanong'onezana, wakacheka mpaka machozi. Wanawake huguswa upesi na mambo ya kiroho.

Jumatano, 20 Aban

Baada ya zaidi ya mwezi, stempu imetoka. Hotuba, keki, meya. Kitambaa kikavutwa. Katikati ni Teymur, macho chini, ndevu za kuchorwa. Pembeni kabisa, chini, niko mimi, nimepanda punda, kilemba kama mtungi: yule tajiri mwenye kiburi wa hadithi za mji, ambaye Pir alimsalimia, na aliyeitikia ni punda wake. Punda katoka vizuri.

Watu walinitambua kabla sijajitambua. Teymur akanishika mkono, akasema, "Angalau tuko pamoja, Iraj jan." Alisema kwa upole. Anajifanya mwema ili anikere. Namjua.

Kisha karani akaanza kugonga mihuri. Mhuri unaangukia kona ileile niliyomo. Nilisimama dirishani kwake mpaka wakafunga. Punda anasalimika kila barua. Mimi ni wino mtupu.

Nikamlalamikia Bwana Kamrani, mkuu wa posta. Kunituliza, akasema mwakani kutatoka stempu ya mnajimu wa kale ambaye sura yake pia haijulikani. Kinachosemwa tu ni kwamba alikuwa na kipara.

Nimenyoa kichwa chote. Mahlagha amekataa kutembea nami. Njiani nikapitia kwa Teymur, nikamwambia wanajimu wote wa zamani walikuwa na nywele hadi mabegani, kwa hiyo aanze kufuga sasa. Akacheka sana, akanijazia mifuko pistachio. Nadhani ameamini.