Jinsi Karai la Mama Caren Lilivyorudi Motoni

Tegeni masikio, enyi wauza nyanya na washona viatu, na wewe wa boda, zima pikipiki kwanza! Nina vita vya kusimulia, na nilikuwepo mwenyewe, nimesimama nyuma kidogo, pale ambapo mashujaa wa umri wangu husimama.

Katika soko letu dogo kando ya Kondele alitawala Mwenyekiti Amolo, Simba wa Vibanda, Mlinzi wa Pua za Umma. Siku moja alipanda juu ya kreti ya soda akatangaza: "Samaki wa kukaanga wanatutia aibu! Moshi! Harufu! Kuanzia leo tujinyime, mimi wa kwanza. Mchana ni chai na mkate mkavu." Kisha akalinyakua karai la Mama Caren, lililokaanga ngege miaka kumi na tisa na kusomesha mabinti wawili, akalifungia ofisini mwake.

Siku tatu jiko la Caren lilikaa baridi. Siku ya nne, saa saba mchana, alijifunga leso kiunoni, akauendea mlango wa mabati wa ngome ile, nasi jeshi lake nyuma.

"Mwenyekiti, toka! Nipe karai langu! Kitinda mimba wangu anafungua shule Jumatatu!"

Ndani sahani ikalia. Amolo akatokea na tai yake, uso wa mtu aliyefunga tangu Pasaka.

"Mama, sheria ni sheria. Hata mimi njaa inaniuma."

"Pole, Baba. Basi tusalimiane kama watu."

Caren, Jemedari wa Mafuta Moto, akanyoosha mkono. Na hapo, jamani, mazoea yakamsaliti mfalme: akakunja vidole, akampa kifundo cha mkono, vile sisi sote husalimia tukikatizwa tukila.

Soko zima likakikodolea macho kifundo kile. Hata mbuzi wa Laban, jirani yetu mshona viatu, aliacha kutafuna.

"Mzee," Caren akauliza taratibu, "siku hizi chai inaliwa kwa vidole?"

"Ni... ni wino."

"Tunuse!" likanguruma jeshi la wauza nyanya.

Amolo akarudi ndani, akalileta karai. Lilikuwa bado lina joto, na ndani yake nusu ya ngege, upande wa kichwa.

"Hiyo maliza, Baba," Caren akamwambia, akilipokea kwa leso. "Usilale njaa."

Basi iandikwe: Alhamisi ile, saa saba na nusu, mafuta yalilia tena. Na tangu hapo, kiongozi wetu yeyote akipanda kreti kutuhubiria kujinyima, kwanza tunamsalimia kwa kiganja.