Msitu wa Plastiki na Picha Safi

Jumatatu, 3 Machi

Leo mtambo wa zamani umezimwa. Mkurugenzi kabonyeza swichi mwenyewe, kapiga makofi, nasi tukamfuatisha. Kuanzia sasa kituo chetu kinarusha matangazo kwa dijitali tu. Chenga za kwenye skrini kwaheri, akasema. Picha safi kama kioo.

Hakuna aliyefikiria kwamba mimi hizo chenga ndizo zilizoniweka mjini.

Mwaka wa kumi na moja huu naendesha kipindi cha mazingira, Dunia ya Kijani, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, moja kwa moja, nimekaa mbele ya msitu. Msitu wa plastiki. Migomba mitatu, mianzi, na kasuku wa sponji. Kwa mtambo wa zamani ulikuwa msitu mnene, hata mimi nilikuwa nauamini. Leo fundi mitambo kaniwashia skrini mpya. Masikini mimi! Vumbi juu ya kila jani. Kibandiko cha dukani kinaning'inia kwenye mgomba wa katikati, na unakisoma bila miwani: Weka mbali na moto.

Bi. Mapochopocho wa kipindi cha mapishi, ambaye tunatumia naye studio moja, kaniletea kitambaa cha kufutia majani. Eti msaada. Kwake dijitali imekuja na neema zote, hata kitunguu chake kinang'aa. Nimepokea kitambaa. Nimeshukuru. Nimekitupa.

Mkurugenzi anasema akiona plastiki Alhamisi hii, nusu saa yangu inakwenda kwa mapishi. Nina miaka hamsini na mbili. Sijui kazi nyingine. Sijui hata kukaanga yai.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kampigia mke wangu simu tangu asubuhi: televisheni yake imekuwa giza. Lazima niende. Yule mama ndiye mtazamaji wangu pekee ninayeweza kumthibitisha. Hajakosa kipindi hata kimoja. Tangu mumewe afariki anaishi peke yake, na Alhamisi huvaa kitenge kipya ili kuniangalia.

Nimempelekea king'amuzi. Nimepanda juu ya bati kushusha antena ya zamani. Na kutoka kule juu nikauona: mparachichi wake uani. Majani mapana, mazito, ya kijani ile ambayo kiwanda hakijaiweza. Nilisimama nimekumbatia antena kama mtu aliyepata ufunuo.

Nilipowasha king'amuzi picha ikaja vizuri kabisa. Nikaugusa waya kidogo. Picha ikakatika. Nikashika kiuno, nikaguna. Nikamweleza kwamba mawimbi ya dijitali ni mapya, hayajazoea miti. Majani yanayanywa. Ni lazima tupunguze matawi.

Mama kanisikiliza hadi mwisho. Kasema yeye hajui mambo ya mitambo, mimi ndiye mtaalamu, mwanangu kata tu. Ila tawi la chini, lile lililofungwa kamba ya nguo, niliache. Marehemu ndiye aliyeufunga waya unaoishika.

Nimeahidi. Akanifungia maparachichi sita niwapelekee watoto.

Jumatano, 5 Machi

Mama kaenda kliniki kupima presha. Nafasi nzuri. Nimekuja na panga, msumeno na gari la kituo.

Matawi matatu ya juu: membamba, yamepinda, yamejaa mashimo ya wadudu. Kwenye kamera yangeonekana kama wagonjwa. Tawi la chini, sasa! Limetanuka kama mwavuli. Tawi la televisheni hasa.

Nimelizunguka mara nne. Nimejiambia kamba ya nguo inaweza kufungwa popote. Nimejiambia mambo mengi.

Lilipoanguka lilipiga kishindo mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. Waya ulikuwa umemezwa na gome, ukagoma kutoka. Nimeuacha humohumo, nikafunga kamba ya nguo kwenye nguzo ya bomba. Imelegea kiasi. Shuka zitagusa chini kidogo.

Mama karudi, kasimama uani akiwa bado na kadi ya kliniki mkononi. Nikamkimbizia habari njema: picha imerudi! Kasema ahsante. Kaenda kulala, saa nane mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kuandika vizuri. Mkono umevimba.

Studio ilipendeza! Fundi mitambo mwenyewe kapiga mluzi. Bi. Mapochopocho kachungulia mlangoni, uso ukamshuka. Nikajiona mtu. Mada ya leo, niliipanga tangu mwezi jana: Tuache Kukata Miti Ovyo.

Dakika ya nane, taa zikapata moto na sisimizi wa mparachichi wakaamka. Wakaingia kwenye kola na kwenye mkono wa shati, wakaniuma. Nikaendelea kuzungumzia ukame huku nikijikuna kwa kalamu. Ningemaliza. Wallahi ningemaliza. Lakini dakika ya ishirini tunapokea simu.

Sauti niliitambua kabla haijamaliza salamu.

"Nina swali moja kwa mtaalamu," mama mkwe akasema. "Mtu akikatiwa mti wake kwa uongo, aende ofisi gani?"

Nikasema swali zuri. Nikasema inategemea.

"Jirani amenionyesha mnara wenu wa kurushia matangazo. Uko upande wa barabarani. Mti wangu uko uani, nyuma ya nyumba. Na hilo tawi nyuma ya sikio lako la kushoto lina waya wa kamba yangu."

Nikageuka. Nchi nzima ikaniona nikigeuka. Waya ulikuwa pale, mpaka kutu yake inaonekana.

"Marehemu aliupanda mti ule wiki aliyozaliwa mkeo," akasema, taratibu tu, kama anayenikumbusha jambo nililosahau. "Picha ni safi sana, mwanangu. Ahsante kwa king'amuzi."

Akakata. Zilibaki dakika tisa. Sikumbuki nilisema nini. Fundi mitambo anasema nilisoma takwimu za mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Kila mwenye simu anayo ile video. Mlinzi wa getini kaniuliza kama nimekuja kukata ule mti wa maegesho.

Mkurugenzi hakunigombeza, na hilo ndilo limeniumiza. Kasema pole. Kasema Dunia ya Kijani imefika mwisho wake. Nusu saa anapewa Bi. Mapochopocho. Mimi nitaandika yale maneno yanayopita chini ya skrini.

Mke wangu hajui kupiga kelele. Ananiita mtaalamu. Mtaalamu, chakula mezani. Mtaalamu, sogea nipite. Kalala chumba cha watoto.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kuomba radhi. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani.

Mama alikuwa uani, kiti chake kakisogeza ukutani. Pale ndipo penye kivuli sasa, upana wa mtu mmoja. Shuka kazianika juu ya uzio. Kanikaribisha. Kanipikia chai. Kauliza hali ya mkono wangu. Angenipiga kwa sufuria ningeshukuru.

Nikasema nimekosa, mama. Kasema amesikia. Hakusema amesamehe. Jua liliposogea akainuka, akavuta kiti chake hatua moja, akakaa tena. Nilimhesabia mara tatu. Sikuweza kumwangalia mara ya nne.

Wakati wa kuondoka kanipa king'amuzi ndani ya boksi lake, waya zimekunjwa vizuri. Kasema ni kizuri, ila kinaonyesha mno. Atasikiliza redio.

Nimelia ndani ya gari kama mtoto. Nimeapa kwa nafsi yangu: sitadanganya tena mtu yeyote kwa ajili ya televisheni.

Jumanne, 11 Machi

Habari njema! Kuna pengo la dakika tano kati ya mapishi na taarifa ya habari. Mkurugenzi kalitafutia mtu wa kulijaza, hakupata, akanikumbuka mimi. Kipindi kidogo kuhusu kubana matumizi ya maji. Nimekiita Funga Bomba.

Sasa nafanya kila kitu kwa ukweli. Hakuna plastiki, hakuna uongo. Nyuma yangu, wakati nawaambia watu wasipoteze hata tone, utapita mto halisi. Ua wa kituo una mteremko mzuri, mpaka barabarani. Nimeagiza maboza mawili, malori mazima, ya maji safi ya kunywa, yale ya chumvi hayang'ai kwenye kamera. Yatamwagwa taratibu kwa dakika zote tano.

Fundi mitambo kaniuliza kama boza moja halitoshi. Watu wengine hawana kabisa moyo wa mazingira.