Mlango Uliomkataa Ignacy

Kwa Mwenye Klabu iliyo katika kile kiwanda cha zamani cha sabuni,
ng'ambo ya mfereji, Berlin.

Ndugu Mwenye Klabu,

Nakutakia afya wewe na watu wako, hasa yule bwana wa ndevu anayesimama mlangoni, maana kusimama na baridi ile bila kofia si mchezo, na sijui mama yake anasemaje. Mimi ni Bogumiła Wrzosek, mshona mapazia. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea adabu ya barua nisamehe. Lakini nikikusema vibaya, ujue hapo sikukosea.

Nina mtoto mmoja, Ignacy. Alilelewa na bibi yake kwetu Poland wakati mimi natafuta riziki huku, na mwaka huu amekuja kuishi nami. Anafanya kazi kwenye ghala la vigae. Wenzake wote ni watu wa klabu yenu, na Jumatatu hawana habari nyingine. Yeye anakula mkate wake pembeni, peke yake. Akaniambia, "Mama, nikiingia mara moja tu, nitapata la kuongea nao." Katika jiji zima hili aliomba hilo tu, nanyi mmemnyima. Basi nalalamika hivi:

1. Mmemkataa mtoto aliyepigwa pasi. Kwa kuwa mkishafungua Jumamosi hamfungi mpaka Jumatatu, nilimtuma Jumapili mchana, baada ya misa, saa za watu wenye heshima. Nilimvalisha shati jeupe na suti ya marehemu baba yake. Nikamwambia, ukifika tabasamu, wasalimie wote, na usiende nyumba ya watu mikono mitupu. Akabeba keki yangu ya jibini. Bwana wa ndevu akamtazama, akaitazama keki, akasema, "Leo hapana." Sababu hakutoa. Kwetu hata ng'ombe akikataliwa mnadani, mwenyewe huambiwa kama ni meno au kwato. Nyuma yake alikuwepo kijana mwenye soksi zilizotoboka na mnyororo wa mbwa shingoni, na mbwa mwenyewe hana. Huyo akapita. Sahani ya keki ilirudi tupu, sikuuliza imeliwa na nani.

2. Mnawafundisha watoto wa watu kununa. Alipokataliwa tena nilimuuliza jirani yangu, Bi. Lüdtke, mzaliwa wa hapa hapa. Akasema, "We Bogumiła, umemharibu mwenyewe. Pale hawavai nyeupe, hawacheki, hawasalimii. Mtu anakwenda mweusi tii, na uso kama kafiwa." Sasa niambie, Ndugu, mmefungua ukumbi wa dansi au mmeweka matanga? Matanga ya kwetu angalau watu wanaimba, na chakula kipo. Miaka yote ile nilimlea kwa simu, nikimwambia, salimia wakubwa, Ignacy, salimia wakubwa. Leo nimwambie aache? Alijaribu, maskini. Alinuna mbele ya kioo cha bafuni mpaka nikampima homa. Alipofika mlangoni akajisahau, akasema, "Habari za mchana." Akajibiwa, "Leo hapana."

3. Mmeniingiza mimi. Hili ndilo linaloniuma kupita yote. Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikaja moja kwa moja kumweleza huyo bwana, mzazi kwa mtoto wa mtu, kwamba mwanangu hana ubaya. Nilikuwa na gauni langu jeusi la ujane na kitambaa cheusi, na hasira ilikuwa imenikaa usoni. Niliipita foleni yote bila kumtazama mtu. Sijafungua hata kinywa, bwana akasogea kando. "Karibu," akasema, kwa upole, kama mtu anayenijua. Binti mmoja akaibandika karatasi ya gundi kamera ya simu yangu, eti humo hawapigi picha, kamera ambayo hata kuitumia sijui. Ndani ni giza, na nje jua linawaka. Muziki unagonga kama mashine ya kusaga ya kijijini kwetu, ila unga hautoki. Kila mtu anajinyonganyonga peke yake, jasho linamtiririka, na hakuna anayemuuliza mwenzake kama amekula. Msichana akanishika kitambaa. "Umependeza sana, umekipata wapi hiki?" Nikamwambia, nimefiwa na mume. Akasema, "Safi kabisa." Nikatoka.

4. Kwa hiyo nadai mwanangu aingie na tabasamu lake. Hamtaki, basi huyo bwana aniambie kasoro ya mtoto, nami niliyemzaa niirekebishe. Hamtaki hilo nalo, niwekeni mimi mlangoni Jumapili moja. Nitachagua kwa haki. Aliyesalimia atapita, mwenye soksi zilizotoboka atangoja nimshonee, na asiye na wa kumpikia atakunywa kwanza supu. Na kama hakuna linalowezekana, rudisheni sabuni. Jengo lile lilipokuwa la sabuni liliwasafisha watu wote wala halikuchagua sura.

Nisalimie binti wa gundi, na wafagiaji, ambao nawaonea huruma, na huyo msichana wa kitambaa. Bwana wa ndevu mwambie avae kofia.

Ni mimi mzazi mwenye uchungu,
Bogumiła Wrzosek

Nyongeza: Sijafunga bahasha, Ignacy amerudi. Mmemkataa tena. Lakini leo amekuja na wale mnaowakataa pamoja naye, ambao kumbe Jumapili zote hizi amekuwa akiwakatia keki kwenye foleni. Wamejaa jikoni kwangu. Yupo Mreno mmoja mrefu, ameshika mwiko wangu, anamwiga bwana wenu: "Leo hapana." Yupo pia binti wa Kiestonia, Liisu, mwenye koti la njano, anayecheka kabla mzaha haujaisha. Na mwanangu anacheka mpaka anakohoa. Tangu aje sijamsikia hivyo. Supu ya bitiruti haikutosha, imebidi niongeze viazi.

Kwa hiyo namba moja, mbili na nne zifute. Namba tatu iache, bado inaniuma. Endeleeni kumkataa, tafadhali. Na huyo Liisu, hata akija Jumapili ijayo amevaa nyeusi na amenuna barabara, mwambie bwana asidanganyike. Amkatae naye. Ignacy bado hajamwambia la moyoni.