Mkaguzi Niliyemnadi Mwenyewe

Jumatatu, 8 Agosti 1955. Kilindoni.
Balaa! Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ametangaza barazani: soko letu la mbata litakuwa na mkaguzi wa rushwa. Atafungua ghala lolote bila kuomba ruhusa. Hata langu mimi, karani wa soko! Wakulima watamchagua wenyewe, na wao tu ndio wataweza kumtoa. Eti wamechoka kunipa kuku ndipo mbata zao zipimwe. Kuku wale ni heshima tu!

Jumatano, 10 Agosti
Dawa imepatikana. Shemeji yangu Shaibu! Mpole, hajawahi kubishana hata na mbuzi. Nimezunguka hadi Utende kumnadi, sauti imenikauka. Amechaguliwa! Nimecheka peke yangu njia nzima.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimempa Shaibu meza ofisini mwangu, kivulini, karibu na birika la kahawa. Amekataa! Amesema akikaa kwangu atakuwa mgeni wangu, na mgeni hamkagui mwenyeji. Maneno haya kayatoa wapi? Ameketi nje juani, kando ya mizani. Mwanasiti, mjane wa Kirongwe, amepimiwa bila kuku. Kapiga vigelegele. Mbele yangu!

Ijumaa, 12 Agosti
Baada ya swala nimempelekea pweza mnono. Mambo ya kifamilia tu. Kabla ya alasiri pweza alikuwa ananing'inia kwenye mizani ya soko, na Shaibu anaita kwa sauti: "Shemeji Hilal, njoo uchukue pweza wako!" Watu wamecheka mpaka wakakaa chini.

Jumamosi, 13 Agosti
Nimemshtaki kwa Bwana Shauri: Shaibu ana kiburi, afukuzwe. Amejibu kwamba hata yeye hana mamlaka hayo. Niliporudi, Shaibu alikuwa anafungua ghala langu. Mlango kashikiwa na nani? Zuleikha, mke wangu mwenyewe! Kuku wakatoka mbio, na kila mama akamtambua wake.

Jumatatu, 15 Agosti
Nimevuliwa ukarani. Shaibu kaja kunipa pole, tumekunywa kahawa, hana kinyongo. Mtu mwema kweli. Lakini nimegundua kasoro kubwa! Mkaguzi naye anakaguliwa na nani? Baraza linahitaji mkaguzi wa mkaguzi. Mtu mzima, mzoefu, anayeijua rushwa ndani nje. Namjua mmoja tu kisiwa kizima, na bahati nzuri hana kazi.