Suti Mbele ya Mstari

Jumatatu, 11 Septemba 2000. Melbourne.
Mvua tangu alfajiri. Raha tupu! Maelfu tumeshikana mikono kuizunguka hoteli ya kando ya mto, wakubwa wa biashara ya dunia wasiingie kwenye mkutano wao wa kutupangia bei na ajira. Nimekuja na bango la marehemu mke wangu Noreen. Alilishona jikoni kwetu mwaka sabini, tulipoandamana kupinga vita. Yeye anaimba, mimi namshikia uzi. Jamani, ujana! Namkumbuka mno. Nataka bango lake likae mbele, mara moja tu kabla sijafa. Lakini mbele kuna Merv, mwenzangu wa bandarini, na kipaza sauti chake, kama miaka yote. Eti nafasi ipo kule nyuma, karibu na jiko la soseji. Mshenzi!

Jumanne, 12 Septemba.
Merv abaki nje. Mimi nitaingia hotelini nilitundike bango dirishani! Suti ya harusi, tai, bango nimelikunja tumboni chini ya shati. Kwenye kioo, bosi wa benki kabisa.

Nikafika kwenye mstari, nikawaambia wanipishe, mimi mwenzao. Wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kitambi hicho kimejaa jasho la nani. Aibu! Aibu! Wote wakapokea. Nikamwona binti yangu Bronwyn katikati yao. Afadhali! Nikamwomba awaambie mimi ni nani. Akasema ananijua sana, ila mama yake alimfundisha kwamba mstari haufunguliwi kwa yeyote, hata baba mzazi. Akaongeza nikavae koti, nitapata homa. Kidevu juu, Noreen mtupu!

Nikalitoa bango. Kicheko kikakatika. Merv akaja mwenyewe, akalipokea kwa mikono miwili, wakaliinua mbele. Nikabaki peke yangu upande wanakotokea mabosi, nalitazama. Miaka yote nimelibeba, sijawahi kuliona kwa mbele. Herufi za Noreen zimepinda kidogo. Nimelia, na mvua imenisitiri.

Jumatano, 13 Septemba.
Homa. Merv kapiga simu, sauti ya upole ajabu. Kaniwekea mti mmoja wa kushikia bango, tulibebe pamoja siku ya mwisho. Bronwyn naye kanisihi. Nimewashukuru, nikasema nina shughuli. Kosa la jana lilikuwa suti tu. Leo nimeazima nguo za polisi kwenye duka la mavazi ya maigizo. Wakiniona hivi, lazima wanipishe hadi ndani ya hoteli.